Wekundu wa Akiki



Kila uingiapo Mfunguo Mosi na harusi zikaanza kufuatana, maswali ya vito huongezeka katika ukurasa huu. Akina mama wanataka kujua wanunue nini kwa ajili ya binti zao, na mabinti wanataka kujua kilichomo ndani ya vijaluba walivyorithi kwa bibi zao. Safari hii maswali mengi yamekuwa juu ya akiki. Kwa nini moja ni nyekundu kama damu ya mzee na nyingine ina rangi ya asali? Kwa nini ile iitwayo ya Yemeni huuzwa ghali kuliko ya Bara Hindi? Na je, ni kweli kwamba mwanamke aivaaye huepukana na husuda na kupata uzazi? Maswali haya yana jawabu moja refu, nalo huanzia mahali jiwe lenyewe lilipoumbwa.

Mwenyezi Mungu ametutaka katika Suratu Fatir, aya ya 27, tuitazame milima na mistari yake ya rangi mbalimbali, myeupe, myekundu na myeusi sana. Akiki ni miongoni mwa vitu ambavyo mtu akivikata huiona mistari hiyo mkononi mwake. Asili yake ni volkano. Lava inapomwagika juu ya ardhi huwa imebeba gesi, na inapopoa ile gesi hunaswa ndani yake ikaacha matundu, mfano wa matundu yanayoonekana ndani ya kitumbua kilichoumuka vizuri. Miaka mingi baadaye maji ya ardhini hupenya katika mwamba ule, yakiwa yameyeyusha silika, ambayo ndiyo dutu ya mchanga mweupe na ya kioo. Maji hayo hufika kwenye tundu, na silika hujishikiza ukutani kidogo kidogo.

Wengi wetu tumekwisha kuliona jambo hili jikoni. Birika linalochemshiwa maji ya kisima kwa miaka hufanya ukoko mweupe ndani yake, tabaka juu ya tabaka, na ukoko ule hufuata umbo la birika. Ule wa birika ni chokaa, na huu wa mwambani ni silika, lakini mwendo wao unafanana. Ndiyo sababu mistari ya akiki haikunyooka kama iliyopigwa rula, bali huzunguka na kujikunja kwa kuufuata ukuta wa tundu lililoizaa. Pengine tundu hujaa lote. Pengine hubaki nafasi katikati, na humo zikaota fuwele zing'aazo kama sukari guru iliyovunjwa. Wajuzi wa miamba hata leo wanajadiliana ni kwa nini matabaka hayo hujipanga kwa mpangilio ule mzuri, mengine membamba kuliko unywele.

Silika tupu haina rangi. Wekundu wa akiki watoka katika chuma, kiasi kidogo mno kilichochanganyika na jiwe lilipokuwa likijijenga. Chuma hicho kikiwa katika hali ya kutu iliyofungamana na maji, jiwe huwa la manjano au la kahawia. Maji yale yakiondoka, kutu hugeuka nyekundu. Mfinyanzi aijua habari hii ingawa haiiti kwa majina ya kikemia, kwa kuwa udongo wake mwingi huingia motoni ukiwa na rangi ya kahawia na hutoka mwekundu.

Hapa ndipo mkono wa mwanadamu unapoingia, na hapa ndipo wanunuzi wengi hushangaa. Akiki nyingi nyekundu inayouzwa duniani haikutoka ardhini na wekundu ule. Imepikwa. Katika jimbo la Gujarat, Bara Hindi, mawe haya huchimbwa katika changarawe za Ratanpur, karibu na mto Narmada. Yalitokana na lava kubwa iliyofunika sehemu ile ya dunia kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita, kisha mito ikayang'oa na kuyakusanya mbali na yalikozaliwa. Wachimbaji huyaanika juani kwa muda mrefu, wakayatia katika vyungu vya udongo, na kuyachoma kwa moto wa taratibu wa samadi kavu. Moto ukiwa mkali ghafla, jiwe hupasuka. Ukiwa wa kadiri, manjano hugeuka nyekundu. Kisha mawe hupelekwa katika mji wa Khambhat kukatwa, kutobolewa na kung'arishwa.

Kazi hii ni ya kale mno. Shanga ndefu za akiki zilizotobolewa na mafundi wa bonde la Indus zilikutwa katika makaburi ya kifalme ya Ur, nchini Iraki, yenye umri wa miaka ipatayo 4,500. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza habari za jiwe hili la Gujarat na jinsi lilivyotiwa motoni ili wekundu wake uzidi. Nasi hatukuwa mbali na biashara hiyo, kwani majahazi yaliyokuja na pepo za kaskazi yalileta akiki pamoja na nguo, na shanga zake zimefukuliwa katika magofu ya pwani yetu, yakiwamo ya mji wa Shanga kisiwani Pate na ya Kilwa.

Kuna jambo jingine linalotuunganisha na machimbo yale, ambalo sidhani kama linajulikana sana huku kwetu. Pale Ratanpur pana kaburi la Baba Ghor, ambaye kwa masimulizi ya watu wa Gujarat alikuwa Mhabeshi aliyefika huko na kuistawisha kazi ya akiki. Walinzi wa mahali hapo ni Masidi, yaani Waislamu wa Gujarat wenye asili ya Afrika. Kwa hiyo ile akiki tuiitayo ya Kihindi imepitia, kwa masimulizi hayo, katika mikono ya watu waliotoka upande wetu wa bahari.

Ama akiki ya Yemeni, sifa yake ni kongwe na si ya bure. Milima ya Yemeni nayo ni ya volkano, na mawe yake mazuri yana wekundu wa ndani uliotulia, tena mengine yalitoka ardhini nao bila kuhitaji moto. Lakini tulijue hili kabla ya kutoa fedha: Yemeni au Bara Hindi, maumbile ya akiki ni yale yale, silika na chuma. Sonara hawezi kulitazama jiwe dukani kwa macho matupu akathibitisha limetoka mlima gani. Anayekutajia Yemeni anakutajia neno la yule aliyemuuzia, na huyo naye neno la aliyemtangulia. Kuongeza bei maradufu kwa ajili ya neno lisilo na ushahidi ni khiyari yako, ila uitoe ukijua unanunua habari pamoja na jiwe.

Kuna pia akiki zilizotiwa rangi, nazo ni habari tofauti na za moto. Jiwe hili, pamoja na ugumu wake, lina vinyweleo vidogo sana vinavyoweza kunywa maji. Mafundi wa mji wa Idar-Oberstein, Ujerumani, waliendeleza ufundi huo katika karne ya 19. Huliloweka jiwe katika maji ya asali au sukari kwa siku nyingi, kisha wakalitia katika asidi kali, na sukari iliyoingia ndani ikaungua ikawa nyeusi. Tabaka zenye vinyweleo hunywa na kuwa nyeusi tii. Zilizoshikamana hukataa na kubaki nyeupe. Akiki nyingi nyeusi zenye mstari mweupe zimezaliwa hivyo. Zile za waridi kali, samawati kali na kijani cha kung'aa karibu zote ni za rangi ya kutiwa.

Je, huo ni udanganyifu? Kwa maoni yangu, kupika na kutia rangi si makosa muuzaji akisema. Makosa ni kunyamaza. Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alipita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta ndani pamelowa hali juu ni pakavu, na alilolisema kuhusu mwenye kughushi twalijua sote. Kito kilichotiwa rangi kikauzwa kwa bei ya kito cha asili ni rundo lile lile. Na anayeumia mara nyingi ni mwanamke, kwa kuwa kwetu johari si pambo tu. Huwa ni mahari yake na akiba yake, na siku ya dhiki ndicho kitu cha kwanza kutolewa sandukuni. Ni siku hiyo, mbele ya mnunuzi asiye na huruma, ndipo wengine hugundua kwamba walichokitunza miaka ishirini ni kioo.

Kwa hiyo tazama kabla ya kununua. Inua jiwe kwenye mwanga. Akiki huonyesha ukungu mwepesi au matabaka yaliyojikunja, na rangi yake mara chache hulingana kila mahali. Kioo huwa na viputo vya duara na rangi iliyo sawasawa kote. Ukikishika, kito cha plastiki huwa chepesi na hupata joto la mkono upesi, na akiki hubaki baridi kwa muda. Ukiona rangi imekolea zaidi katika nyufa na kingo za tundu, hiyo ni rangi iliyopenya kutoka nje. Muulize muuzaji maswali mawili: je, ni jiwe la asili, na je, limetiwa rangi? Kisha mwombe aandike majibu yake katika risiti. Ataandika mkweli, asiyeandika amekwisha kukujibu.

Sasa lile swali la husuda na uzazi. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwa Anas bin Malik kwamba Mtume alikuwa na pete ya fedha yenye kito cha Kihabeshi, na Imam Nawawi ametaja kwamba wanazuoni walikifasiri kuwa ni jaz'i au akiki. Kuvaa, basi, hakuna ubaya. Ama yale maneno yaenezwayo kwamba akiki huleta baraka na kuondoa ufukara, Ibn al-Jawzi ameyatia katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Na Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alilisemesha Hajar al-Aswad lenyewe kwamba analijua kuwa ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na lau asingemwona Mtume akilibusu asingelibusu. Ikiwa jiwe la Al-Kaaba limeambiwa hivyo, pete ya dukani itaambiwaje? Dada yangu aliyeandika kwamba ameuziwa akiki ili apate mtoto, na fedha za hospitali zikaishia humo, namwombea kwa Mola wake, na namsihi yeye na mumewe warudi kwa daktari wote wawili.

Limebaki jambo ambalo wauzaji hawalisemi, nami naona ni zito kuliko yote niliyoyataja. Vumbi la akiki ni vumbi la silika. Pale Khambhat mawe mengi husagwa na kung'arishwa katika vyumba vidogo, mengine nyumbani kabisa, na vumbi lile huingia katika mapafu ya mwenye kusaga, ya mkewe na ya watoto waliolala chumba cha pili. Maradhi yake yaitwa silikosisi. Mapafu hukakamaa kidogo kidogo, pumzi hupungua, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Aliyeyapata pia huwa mwepesi kushikwa na kifua kikuu, na wengi hutibiwa kifua kikuu peke yake huku vumbi likiendelea. Kinga yake si siri: mashine za kuvuta vumbi, kusaga kwa maji, na kutenga karakana na makazi. Zote hugharimu, na jiwe likinunuliwa kwa senti kutoka kwa fundi, gharama hizo hazilipwi na mtu yeyote isipokuwa yeye, kwa pumzi yake. Mwenye duka aagizaye vito kwa jumla anaweza kuuliza vimesagwa wapi na kwa namna gani. Wapo wasomaji wetu wenye maduka, nao naomba waulize.

Kwa wale waliokwisha kuwa na akiki nyumbani: iliyotiwa rangi isiachwe juani wala isitiwe katika maji ya dawa ya kutoa madoa, itapauka. Akiki yoyote isikaribishwe na moto, kwani joto la ghafla huipasua kama linavyoipasua kule chunguni. Pete ya fedha ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ipitishwe mswaki mlaini chini ya kito ambapo mafuta na udi hujikusanya, ikaushwe kwa kitambaa cha pamba, na ihifadhiwe katika kijaluba chake peke yake, kwa sababu akiki ni ngumu kuliko lulu na ikiwekwa nayo pamoja itaikwaruza.