Ahadi ya Waziri na Kaye ya Duka

Katika duka moja dogo la Nyamianda, hapa Uvira, kaye, yaani daftari, ya madeni inaning'inia kwenye msumari. Kila mstari una mambo matatu: jina, kiasi na siku ya kulipa. Mama anayechukua unga kwa mkopo haondoki kabla ya kuchungulia kilichoandikwa, maana siku ya ubishi kaye ndiyo itakayosema. Wahenga walituachia kwamba ahadi ni deni. Wenye duka wameongeza lao: deni lisiloandikwa ni hadithi.

Mimi huikumbuka kaye hiyo kila redio inaporusha kikao cha wabunge wakimhoji waziri kule Kinshasa. Maswali ni makali, sauti zinapanda, waziri anaomba saa 48 za kutayarisha majibu, kisha anarudi na kurasa nyingi. Kikao kinafungwa. Kiasi gani? Siku gani? Nani? Hakuna aliyeandika.

Tatizo si sheria. Ibara ya 138 ya Katiba ya 18 Februari 2006 inawapa wabunge swali la mdomo au la maandishi, swali kuhusu jambo la wakati huo, kumtaka waziri ajieleze, tume ya uchunguzi na mahojiano mbele ya kamati. Wasiporidhika, Ibara ya 146 inaruhusu hoja ya kumwondoa waziri ikiwa na saini za sehemu moja ya kumi ya wabunge, yaani 50 kati ya 500. Kuiangusha serikali nzima kunahitaji saini za robo yao.

Na meno hayo yamewahi kuuma. Tarehe 27 Januari 2021 wabunge 367 walipiga kura ya kumwondoa Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Augustin Kibassa Maliba, waziri wa posta na simu, alibanwa juu ya RAM, tozo iliyokuwa ikikatwa kwenye salio la simu za watu, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G. Mwaka 2022 tozo hiyo ikafutwa. Tarehe 30 Machi 2022 ikawa zamu ya Jean-Marie Kalumba, waziri wa uchumi, aliyeangushwa kwa sababu ya bei za bidhaa.

Tazama vizuri, visa hivi vya RAM na bei vilimgusa kila mtu, mkazi wa Kinshasa akiwemo. Tena mwisho wake ulikuwa kumwondoa mtu au kufuta tozo, hesabu ikabaki palepale. Mimi sijamwona jirani aliyerudishiwa alichokatwa kwenye simu. Ukimfukuza mdaiwa, deni halijalipwa.

Sasa njoo kwetu. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Mwaka 2021, na tena 2024, Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda na kuingia majumbani. Milima iliyo juu ya mji imevuliwa miti, mvua inashuka na udongo na mawe, na vitanda vya mito vinajaa. Ziwa nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie.

Muulize waziri mmoja kuhusu hayo, atakupeleka kwa mwenzake. Wa mazingira atakueleza msitu wa Kongo na mikutano ya dunia. Wa ujenzi atasema upembuzi unaendelea. Wa bajeti atakuonyesha kwamba fungu limo kitabuni. Wa fedha atasema hazina haijaruhusu. Huenda wote wanne wanasema kweli, na hapo ndipo pesa inapopotelea. Kwetu fungu kupigiwa kura si kulipwa: lazima matumizi yaahidiwe, yahakikiwe, yaamriwe, ndipo yalipwe. Kati ya kura na malipo fungu linaweza kufa bila mtu kulizika.

Sera ya tabianchi na sera ya mapato nazo huulizwa kana kwamba ni za nchi mbili. Julai 2022 serikali iliyoiita Kongo nchi-suluhisho ya tabianchi ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, 11 kati yake katika bonde la Tanganyika. Oktoba 2024 mnada ukafutwa kwa kasoro za zabuni. Uamuzi uliogusa maji tunayokunywa ukafunguliwa na kufungwa kama jambo la makaratasi.

Wapo watakaosema wakati si huu. Bukavu ilianguka Februari 2025, na Desemba mwaka huo vita vikaingia Uvira yenyewe. Nani ataulizia kingo za mto? Hoja hiyo ina uzito, lakini mvua haisubiri amani, na pesa ikiwa chache ndipo kila faranga inapohitaji mlinzi. Wengine wanasema maswali ya bungeni ni biashara: mbunge anatishia ili apoozwe kwa bahasha. Sitabisha kwamba inawezekana. Lakini swali la kumwangusha waziri ndilo lenye soko. Swali la tarakimu, lililoandikwa na kusomwa hadharani, nani atalinunua?

Basi wabunge wetu waanze na hilo. Kikao cha Septemba, ambapo serikali inalazimika kuleta bajeti kufikia tarehe 15, wawaite pamoja mawaziri wale wanne, wa mazingira, ujenzi, bajeti na fedha. Swali liwe moja: kwa mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, ni kiasi gani kilipigiwa kura, kiasi gani kimelipwa, na nani atamaliza kazi siku gani? Kikao cha Machi warudi na kumbukumbu za kikao hicho, waulize lilelile, huku wakiwa na hesabu za Jamhuri ambazo Ibara ya 173 inaitaka Mahakama ya Hesabu kuzileta kila mwaka. Na likizoni waje wayasome majibu hayo hapa, kwa Kiswahili, mbele ya waliofurikiwa.

Duka la Nyamianda halifuti deni likilipwa. Mwenye duka hupiga mstari juu yake, mteja akitazama. Kwa Mulongwe hatujafika kwenye kupiga mstari. Bado tunaomba deni liandikwe.