Si Kila Kifo cha Wodini ni Kazi ya Mungu

Katika misiba ya hapa kwetu Buzuruga kuna usemi mmoja ulionichosha. Msemaji wa familia anaposimama kusoma wasifu, akifika mahali pa ugonjwa husema kwamba marehemu alilazwa, akaendelea vizuri, kisha "hali ikabadilika ghafla" na siku zake zikawa zimefika. Waombolezaji hutikisa vichwa, jeneza hufunikwa, na swali hufunikwa pamoja nalo. Mimi ni muumini, sina ugomvi na Mungu. Ninachokataa ni kumsingizia Mungu kazi ya mikono isiyonawiwa.

Hiyo "hali kubadilika ghafla" mara nyingi ina jina. Madaktari huiita sepsisi. Watu wa rika langu walisema sumu imeingia kwenye damu. Vijidudu huanzia kwenye kidonda, mapafu, njia ya mkojo au kizazi, pengine vikapenya hadi kwenye damu, na mwili katika kupigana navyo hupoteza kiasi ukaanza kujidhuru wenyewe. Pumzi huenda mbio, presha hushuka, mkojo hupungua, mgonjwa huanza kuweweseka. Makadirio ya wataalamu yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba katika mwaka 2017 vifo milioni 11 duniani vilihusiana na hali hii. Hao ni watu, si tarakimu, na wengi wao walikuwa wa nchi kama yetu.

Tena ushahidi hauko mbali. Pale Bugando, kilima tunachokiona kila tunaposhuka mjini, watafiti walichapisha mwaka 2010 habari za watoto wachanga 300 waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huu. Damu yao ilipooteshwa maabara, karibu nusu walikutwa na vijidudu, na takriban mtoto mmoja katika kila watano alifariki. Huko Muhimbili utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto waliokuwa na bakteria wa jamii ya akina Klebsiela kwenye damu walikufa kwa kiwango cha asilimia 43.5, wakati waliolazwa kwa malaria walikufa kwa asilimia 20.2. Malaria tumeitungia nyimbo na kuigawia vyandarua. Hii nyingine, iliyoua mara mbili zaidi katika wodi hizo, hata jina lake hatulijui.

Kuna watakaosema kwamba takwimu hizo ni aibu kwa hospitali zilizozitoa. La hasha! Nimekuwa mwalimu mkuu miaka mingi, nami najua kwamba shule ya kuogopwa siyo ile inayobandika matokeo mabaya ukutani, bali ile isiyosahihisha mtihani. Hospitali inayohesabu imeanza kujitibu.

Sasa tuulize: vijidudu huingiaje kwa mtu aliyekuja kuponywa? Mlango mmoja tunaupenda sana, nao ni dripu. Sisi ndugu wa wagonjwa tuna imani kwamba mgonjwa asiyetundikiwa maji hajatibiwa. Tunanung'unika mpaka chupa itundikwe, kisha tunafurahi. Lakini sindano ile ni tundu kwenye mshipa. Isipowekwa kwa usafi, isipoangaliwa kila siku, isipotolewa mara haja yake inapokwisha, hugeuka kuwa njia kuu ya vijidudu. Mpira wa mkojo nao ni vivyo hivyo. Sisemi dripu ni mbaya. Mtoto aliyekaushwa na kuhara huokolewa nayo. Nasema ni dawa, si pambo la kitanda. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wa Uganda, Kenya na Tanzania, wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ya wale ambao hawakumiminiwa: asilimia 10.6 kwa asilimia 7.3 katika saa 48 za mwanzo. Hayo ndiyo malipo ya kudhani kwamba wingi ndio uponyaji.

Mlango wa pili ni mikono. Jambo hili si geni. Daktari Semmelweis alilionyesha kule Vienna mwaka 1847, alipowaamuru madaktari wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vikapungua sana. Leo nimetembelea wodi ambamo sinki limegeuzwa kabati la mabeseni kwa sababu bomba halijatoa maji tangu juzi. Na hapa ni Mwanza, ambapo ukisimama juu ya jiwe lolote unaliona ziwa! Simlaumu muuguzi mwenye wagonjwa arobaini na bomba kavu. Mwalimu aliyepewa watoto mia bila chaki namjua. Namlaumu anayekata utepe wa jengo jipya bila kufungua bomba lake. Asiniambie hakuna fedha. Shirika la Afya Duniani limetoa maelekezo ya kutengeneza dawa ya mikono kwa spiriti na gliserini hospitalini hapohapo. Bei yake haifikii bei ya vitambaa vya jukwaa la mgeni rasmi.

Na ugonjwa ukishaingia, adui ni saa. Miongozo inataka mgonjwa ambaye presha yake inaporomoka kwa sababu hii apate antibiotiki ndani ya saa moja, na damu ya kuotesha ichukuliwe kwanza, mradi isicheleweshe dawa. Miaka michache iliyopita binti wa jirani yangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja nisiyoitaja. Siku ya tatu akapata homa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akaandikiwa dawa ya malaria. Siku ya nne alikuwa akiongea ovyo, ndugu wakaambiwa ni uchovu wa uzazi. Damu ya kuotesha ilichukuliwa siku ya tano, na majibu yakatoka baada ya mazishi. Mtoto aliyemwacha sasa yuko chekechea. Msemaji wa familia alisema hali ilibadilika ghafla. Siku tatu nzima si ghafla.

Nasi wa nje ya hospitali tusijitoe. Anayenunua vidonge vitano vya antibiotiki dukani kwa mafua, akameza viwili na kuvihifadhi vingine, anawafundisha vijidudu kuishinda dawa. Siku mtoto wa mwenzake atakapoihitaji kweli, dawa itakuwa maji.

Basi ninalotaka ni dogo. Kila wodi iwe na ubao unaosema mwezi uliopita wagonjwa wangapi walipata maambukizi ya damu wakiwa humohumo. Nasi tukienda kumwona mgonjwa tuulize kwa adabu: je, sindano hii bado inahitajika? Mikono imenawiwa? Mbona leo anaweweseka, na damu yake imepimwa? Muuguzi mwema hatachukia, maana tunamsaidia kuangalia. Mkubwa atakayechukia, huyo ndiye tuliyemkusudia.

Hayo yote yakifanyika na mgonjwa bado akafa, hapo nami nitainamisha kichwa na kusema siku zake zilifika. Kabla ya hapo, sitasema.