Kunung'unikia Kazi ya Bure

Mwenye kutumia Linux akishindwa kufungua programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows, husema kwa hasira, "Miaka yote hii, na bado tu!" Mimi pia nimepata kusema hivyo. Je, ni haki?

Chombo kinacholaumiwa zaidi ni Wine. Kilianzwa mwaka 1993 na watu wa kujitolea, na tangu 1994 kiongozi wao ni Alexandre Julliard. Kazi yake ni kama ya mkalimani barazani. Programu ikitaka kufungua dirisha au kuandika faili, huomba kwa lugha ya Windows. Wine hupokea ombi na kuligeuza, Linux ipate kulitimiza.

Shida ni kwamba mkalimani huyu hakupewa kamusi nzima. Mambo mengi ya ndani ya Windows hayakuandikwa vitabuni, ikawapasa watengenezaji kuyajua kwa kujaribu moja moja. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, yaani baada ya miaka 15, na muda huo wote Windows yenyewe ilizidi kubadilika. Ni kumfuata mtu naye anakimbia. Hata hivyo matunda yalionekana: mwaka 2018 kampuni ya Valve ilitoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, na michezo mingi ya Windows ikachezeka katika Linux.

Lakini sisemi watu wanyamaze. Mtu aliyepoteza kazi ya juma zima ana uchungu wa kweli, na kumjibu "Itengeneze mwenyewe" si jibu la kiungwana, maana si kila mtu ajuaye kuandika programu. Ninalolaumu ni manung'uniko yasiyoeleza neno. "Haifanyi kazi" haimsaidii yeyote. Taja programu, taja toleo, eleza ulilofanya na maneno yaliyotokea kiooni. Wine ina daftari la makosa, na kila mtu aweza kuandika humo. Mwenye kuandika vizuri amekwisha kuwa mmoja wa wajenzi, ijapokuwa hajui kujenga.

Nanyi mliomaliza shule mkajifunza ufundi huu, mkirudi kututembelea tufundisheni namna ya kuandika taarifa kama hizo. Tusipojifunza, tutakuwa kama punda, ambaye shukrani yake ni mateke.