Mwani Wetu Upimwe Kila Msimu

Na Zuhura Makame

Anayechota chupa ya maji ya bahari karibu na mdomo wa Mto Msimbazi, Dar es Salaam, na kuipeleka maabara, hupata habari za saa ile tu. Maji yakipwa, uchafu wa mto hutawala; yakijaa, bahari kuu imeshauzimua. Tena shaba, risasi na kadimiamu huwa kidogo mno majini, hata kuzipima ni kazi ghali. Ni sawa na kumuuliza mpita njia habari za mtaa ilhali mwenyeji yupo.

Mwenyeji ni mwani. Umeshika jiwe, hauhami, wala hauna mizizi ya kufyonza ardhini; chakula chake chote hutoka majini. Kuta za seli za mwani wa kahawia zina alginati, ambayo hunasa metali, na baada ya muda kiasi kilichomo ndani yake huweza kuzidi cha majini mara maelfu. Ncha changa huonyesha ya karibuni. Sehemu kongwe hutunza ya zamani.

Huko Cornwall, Uingereza, watafiti Bryan na Hummerstone walionyesha mwaka 1973 jinsi mwani wa Fucus ulivyobeba shaba na zinki za machimbo ya kale.

Pwani yetu nayo ilishafanyiwa kazi hiyo. Mwaka 1998 jarida la Ambio lilichapisha utafiti uliotumia mwani wa Padina, wenye umbo la upepeo, kupima metali nzito katika mkondo kati ya Unguja na bara. Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waandishi. Elimu ipo, basi, na ni ya hapa hapa. Inasikitisha ikibaki kwenye makabati ya maktaba wakati watu wanavua na kuoga kila siku.

Kazi yenyewe inataka uangalifu. Mwani unaokua haraka huipunguza metali ndani yake, kwa hiyo ni lazima kulinganisha aina moja, ya umri mmoja, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi.

Mamlaka za mazingira za bara na Zanzibar zianze na vituo vichache: Msimbazi, bandarini, mbele ya Mji Mkongwe, na kimoja mbali na miji kwa kulinganisha. Matokeo yabandikwe kwenye masoko ya Feri na Darajani, kwa Kiswahili, mahali wanunuzi wa samaki wanapoweza kuyasoma.