Habari za Betri na Kipimo Pungufu

Haipiti miezi miwili bila ya magazeti na redio kututangazia betri mpya ya ajabu: yajaa umeme kwa dakika tano, yadumu miaka na miaka, na bei yake ni rahisi. Mimi huzisoma habari hizo kwa hamu, lakini nyingi zina kipimo pungufu. Dini yetu imekataza kupunja sokoni, na sioni kwa nini kupunja kuwe halali gazetini.

Betri ina vipimo vingi: hubeba umeme kiasi gani kwa uzito wake, hujaa upesi vipi, hujazwa mara ngapi kabla ya kuchoka, ina hatari gani ya moto, na huuzwa kwa bei gani. Mara nyingi kimoja kikizidishwa kingine hupungua. Mwandishi akitaja kimoja kilichong'ara na kuvinyamazia vinne, hakusema uongo, lakini amepunja. Wala hatuambiwi kama kilichojaribiwa ni betri ya gari au kitu kadiri ya sarafu ndani ya maabara.

Tazameni betri ya lithiamu iliyomo katika simu zetu. Stanley Whittingham alitangaza yake mwaka 1976. Ilikuwa na nguvu, lakini pia hatari ya moto. Ikabidi waje John Goodenough mwaka 1980 na Akira Yoshino mwaka 1985, ndipo kampuni ya Sony ikaiuza mwaka 1991. Miaka 15 ya subira! Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Tena husahauliwa mwanzo na mwisho wa betri. Kobalti nyingi ya dunia hutoka Kongo, ambako watoto wamekutwa machimboni. Na sisi wa Mombasa twaijua Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru watu kwa sumu ya madini ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikairudisha amri hiyo mwaka 2024. Betri zile zilikuwa za kale, lakini hizi mpya nazo zitachakaa. Zitatupwa wapi?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaomba waandishi wenzangu wavitaje vipimo vyote, na waulize pia kuhusu joto, kwani joto huchakaza betri upesi. Mvuvi wa Lamu anayetoa akiba yake kununua betri ya umeme wa jua ana haki ya kujua anachonunua.