Kiingilio cha Uwanjani na Kibaba cha Nyumbani

Jumapili ya tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa mwisho wa reli. Simba na Yanga, ambazo aghalabu hukutana Dar es Salaam, zilikuja kumalizana katika Uwanja wa Lake Tanganyika, na Simba ikaondoka na kombe kwa bao moja la Taddeo Lwanga. Mji ulifurika. Nyumba za wageni zilijaa, bei za vyakula zikapanda, na kwa siku kadhaa Kigoma na Ujiji hazikuwa na mazungumzo mengine.

Siku ile, hata hivyo, ilikuwa ya nne au ya tano baada ya Iddi el-Hajj (kwa kutegemea msomaji aliufuata mwandamo upi, na hilo tuliache lilivyo). Maana yake ni kwamba mwezi ulikuwa mpevu. Kila nyumba ya ufukweni inafahamu tafsiri ya mwezi mpevu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa taa hazina kazi tena, mitumbwi hupandishwa mchangani na wavuvi hukaa nyumbani. Kwa hiyo mvuvi wa Kibirizi au Katonga alikuwa na nafasi ya kwenda mpirani, ila hakuwa na fedha. Iddi ilikuwa imekwisha kuchukua sehemu yake: nguo za watoto, kitoweo, na kwa aliyejaaliwa, mnyama wa kuchinja. Ndipo kiingilio cha fainali kikamkuta mfuko mtupu.

Naitaja siku hiyo kwa kuwa tangu hapo ugeni wa namna ile umekuwa jambo la kila msimu. Mwaka 2023 Mashujaa, timu ya askari wetu wa Jeshi la Wananchi, iliishinda Mbeya City katika mchujo na kupanda Ligi Kuu. Mkoa uliokuwa ukiufuata mpira mkubwa kwa redio sasa unao nyumbani. Ni neema, na furaha ya watu ilikuwa ya haki. Lakini neema hii imekuja na bei yake, na bei hiyo inalipwa kutoka katika kisanduku kile kile kinacholipa ada za shule, mchango wa madrasa na unga wa jioni.

Tusianze kwa kulaumu, maana fedha katika mpira si dhambi kwa kuwa ni fedha. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu lilitia saini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mwaka huo huo benki ya NBC ikaingia kuwa mdhamini mkuu wa ligi. Anayekumbuka timu zilizokuwa zikikopa nauli, na wachezaji waliomaliza msimu wakidai mishahara, hawezi kuzibeza fedha hizo. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na timu ya mwisho wa reli husafiri msimu mzima kwa umbali wa namna hiyo. Mchezaji ni kijana wa watu mwenye wazee wanaomtegemea. Alipwe.

Tatizo huanza pale klabu inapojifunza kumtazama shabiki kama mtaji wa siku mbili. Siku mbili hizo ni ile anayokuja Simba na ile anayokuja Yanga. Katika michezo ya kawaida majukwaa huwa na nafasi tele. Siku ya wakubwa hao kiingilio hupandishwa, kwa hoja kwamba watu watakuja tu. Na ni kweli watakuja. Swali ni nani watakaokuja, na nani watakaobaki nje ya ukuta wakisikiliza kelele.

Hesabu ya soko huweza kufika mbali zaidi ya hapo. Mwaka 2021 KMC, timu ya Manispaa ya Kinondoni, iliupeleka mchezo wake wa nyumbani dhidi ya Yanga hadi Songea. Na Desemba ya mwaka huo ikaupeleka ule wa Simba hadi Tabora, katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Kwa mtu wa Tabora ilikuwa zawadi, na simnyimi furaha yake. Lakini mkaazi wa Kinondoni ambaye timu hiyo ni ya manispaa yake, aliambiwa kwamba nyumbani ni popote palipo na mapato makubwa ya mlangoni. Ikiwa timu ya manispaa yaweza kuhama hivyo, basi neno "nyumbani" katika ratiba limebaki la kuandikwa tu.

Sasa tuitazame nyumba moja. Tuchukue, kwa mfano tu, kiingilio cha shilingi 10,000, na baba mwenye watoto watatu wa kiume wanaoweza kukaa kitako dakika tisini. Hiyo ni 40,000 kabla hawajavuka lango. Ongeza bajaji kutoka Ujiji na kurudi, maji, karanga, na yule mdogo atakayelilia kitambaa cha rangi za timu. Inakaribia 50,000. Katika nyumba ya mchuuzi wa mawese au mwanika dagaa, hizo si fedha za starehe ya alasiri moja. Ni chakula cha siku nyingi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Uamuzi ule ulikuwa na hekima yake, lakini familia nyingi zilitoka katika miezi ile zikiwa na madeni dukani. Ukimwambia baba wa namna hiyo kwamba mpira ni kwa ajili ya wote, atakutazama tu.

Na baba huyo mara nyingi hufanya mambo mawili. Ama huenda peke yake, akawaacha watoto, ama humpa kila mmoja shilingi mia tano akatazame katika kibanda umiza. La kwanza linaivunja safari ya familia kuwa starehe ya mtu mmoja. La pili ni zito zaidi, na hapa naomba wazazi wanisikilize kwa makini.

Uwanjani, mtoto hukaa kati ya baba yake na wazee wa mtaa. Akitukana, kuna wa kumkanya. Katika kibanda umiza hukaa gizani na vijana asiowajua, na pembeni au jirani na kibanda hicho mara nyingi pana mashine ya kamari au dirisha la kubashiri matokeo. Sheria hairuhusu walio chini ya miaka 18 kucheza, lakini msomaji anajua ni mara ngapi ameona mtoto wa darasa la sita akiwa na kipande cha mkeka mkononi, na mkeka huo si wa kuswalia. Neno zuri kama hilo nalo limetekwa!

Hata asipokwenda kibandani, kamari inamfuata kifuani mwake. Mwaka 2022 Simba iliingia mkataba wa miaka mitano na kampuni ya ubashiri ya M-Bet, wa shilingi bilioni 26.1, na mwaka huo huo Yanga ikaendelea na SportPesa kwa miaka mitatu kwa zaidi ya shilingi bilioni 12. Majina hayo yakachapwa mbele ya jezi. Basi mtoto wa Kiislamu wa Ujiji huvaa nembo ya nyumba ya kamari akienda dukani, akilala, na wengine huivaa hadi madrasa. Allah (s.w.t.) katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, ameiweka kamari pamoja na ulevi, na akataja sababu: shetani huvitumia kupandikiza uadui baina ya watu na kuwazuia wasimkumbuke Mola wao na wasiswali. Mzazi anayemnunulia mwanawe jezi kwa makumi ya maelfu ya shilingi anastahili kuuliza anamnunulia rangi za timu au tangazo. Zipo jezi zisizo na nembo hizo, na fundi cherehani wa Mwanga aweza kushona fulana ya kijani au nyekundu kwa bei nafuu.

Nimewahi kuwasikia ndugu wakisema kwamba yote haya ni malipo ya kupenda upuuzi, na kwamba Mwislamu hana haja na mpira. Sikubaliani nao. Bukhari amepokea kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini Madina, na Mtume (s.a.w.) akamsimamia Bibi Aisha (r.a.) akitazama mpaka yeye mwenyewe akatosheka. Vilevile imepokewa kwamba alishindana naye mbio. Burudani halali inayowaweka watu wa nyumba moja pamoja ina mahali pake katika dini yetu. Ndiyo maana inauma kuona burudani hiyo ikigeuzwa kuwa kitu ambacho mwenye familia hakimudu isipokuwa aiache familia.

Kilio hiki si chetu peke yetu. Huko Marekani mpira wao wa vyuo vikuu ulianza kama mchezo wa wanafunzi. Leo katika vyuo vingi vikubwa anayetaka kiti kizuri hutakiwa kwanza akichangie chuo fedha, ndipo aruhusiwe kununua tiketi, na saa ya mchezo huamuliwa na televisheni. Tofauti ni kwamba wenzetu mahali pengine wamesema hapana wakasikilizwa. Tarehe 6 Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool walinyanyuka dakika ya 77 wakatoka uwanjani, kwa kuwa klabu ilitangaza tiketi ya pauni 77. Haikupita wiki, wenye klabu wakaifuta bei hiyo na kuomba radhi. Ujerumani, mapema mwaka 2024, mashabiki walirusha mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki kupinga mpango wa kumwingiza mwekezaji katika haki za ligi, na Februari hiyo hiyo mpango ukaachwa. Sisemi tukarushe mipira ya tenisi Kigoma. Hata ya kuchezea haitoshi. Nasema bei si amri iliyoteremka kutoka mbinguni.

Yapo mambo ambayo klabu na wasimamizi wa uwanja wangeyaweza bila kupoteza kitu. Sehemu moja ya jukwaa la mzunguko ibaki na bei ile ile mwaka mzima, awe amekuja Yanga au nani. Mtoto aliyeshikwa mkono na mzazi aingie bure katika michezo ya kawaida, ambayo nafasi zake hukaa wazi hata hivyo. Kiti kitupu hakimlipi mtu, na mtoto aliyezoea kuja leo ndiye mlipaji wa kesho. Na watengewe akina mama na mabinti eneo lenye njia yake, ili mzazi asilazimike kuchagua watoto gani wafuatane naye na gani wabaki.

Jambo moja, hata hivyo, haliko mikononi mwa klabu, nalo ni saa. Ratiba hupangwa kwa kuitazama televisheni, na televisheni huitazama Dar es Salaam. Jua la Kigoma si la Dar es Salaam. Tuko karibu nyuzi kumi za longitudo magharibi yake, na kila nyuzi ni dakika nne, kwa hiyo jua hutufikia likiwa limechelewa kwa takriban dakika 40, ingawa saa ya ukutani ni moja. Mchezo ukipangwa saa kumi kamili, mkaazi wa Ilala amekwisha kuswali Alasiri. Huku kwetu Alasiri kwa miezi mingi huingia baada ya saa kumi, na mingine hukaribia saa kumi na nusu, yaani kipindi cha kwanza kikiwa kimepamba moto. Vivyo hivyo mchezo wa saa moja usiku, ambao mtu wa pwani huutazama akiwa ametoka kuswali Magharibi, hapa huanza pamoja na adhana ya Magharibi yenyewe. Ni kweli wakati wa Alasiri ni mpana, lakini jamaa hukosekana, na kijana hujifunza kwamba swala ndiyo inayosubiri.

Dawa yake i wazi, na jua hilo hilo linatupa. Magharibi ya Kigoma huwa karibu na saa moja usiku, wakati Dar es Salaam giza limekwisha kuingia. Mchezo wa hapa ukianza saa kumi na moja kasoro robo, watu wataswali Alasiri kwa jamaa, watatazama dakika zote tisini mwangani, na watakuwa njiani kurudi kabla ya adhana. Maimamu wa Ujiji na Mwanga, pamoja na uongozi wa Mashujaa, wangeweza kuliandikia jambo hili Bodi ya Ligi kwa barua moja ya ukurasa mmoja, wakiambatanisha jedwali la nyakati za swala la msikiti wowote wa hapa. Wakati wa kuipeleka ni kabla ratiba ya msimu haijachapishwa, kwani ikishachapishwa huambiwa kwamba matangazo yamekwisha kupangwa.