Sumu Tunayoiita Dawa

Lugha yetu imetufanyia hila kidogo. Kitu cha kuua wadudu shambani twakiita "dawa", jina lile lile la kidonge cha malaria, na mtu akisikia dawa moyo haumshtuki. Wataalamu wametuletea neno "kiuatilifu", nalo ni neno zuri, lakini nenda Ilula kwenye nyanya au Mang'ola kwenye vitunguu, usikie ni vibarua wangapi wanaolitamka. Mimi ningependa tuseme sumu tu.

Wengi hudhani kwamba asiyeinywa amesalimika. La, sivyo! Sumu nyingi za wadudu hupenya katika ngozi, hasa kwapani na kinenani. Bomba la mgongoni likivuja, shati hulowa, na mtu huendelea na kazi kwa kuwa hasikii kuchomwa. Jioni kichwa chamuuma, jasho na mate vyamtoka, macho hayaoni sawasawa, misuli yamtetemeka. Nyumbani husema ni malaria.

Tena wako wanaokunywa maziwa baada ya kupuliza, eti yaoshe sumu. Maziwa ni chakula chema, wapeni watoto. Sumu iliyokwisha kupita ngozini maziwa hayaifuati huko. Kinachofaa ni sabuni na maji mengi mara kazi iishapo, na nguo zile zifuliwe mbali na za watoto.

Nawe bwana shamba uliyemwajiri kijana, nina neno nawe. Ukimlipa kwa hesabu ya mabomba, atakimbiza mabomba hata upepo ukimrudishia usoni. Fedha ya sumu huwa umeipata. Ya viatu vya mpira na glavu wasema mwaka huu mambo magumu. Hayo si haki. Msomee na karatasi ya chupa, maana pengine lugha yake ni ngeni kwake. Mwonyeshe mstari wa rangi: mwekundu ni sumu kali kupita zote, kisha manjano, kisha buluu, hata kijani si maji ya kunywa. Nozeli ikiziba, asiipulize kwa mdomo. Mswaki mkuukuu watosha.

Chupa za soda zisitiwe sumu kamwe. Mtoto hajui tofauti. Chupa tupu ya sumu isuuzwe mara 3, maji hayo yarudishwe katika bomba, kisha itobolewe isije ikatekwa maji.

Mtu akizidiwa, mtoeni shambani, mvueni nguo, mwosheni, mkimbizeni hospitali. Sumu za wadudu za jamii ya oganofosfeti zina dawa ya kuzipinga, iitwayo atropini. Parakwati, ile ya kuua magugu, haina dawa ya namna hiyo. Daktari hataweza kujua ni ipi kwa kumtazama mgonjwa tu, kwa hiyo ichukueni na chupa yenyewe, ikiwa na karatasi yake.